Msonge na Nguzo za Kifaransa

Mwaka uliopita nilisahihisha insha za wanafunzi juu ya historia ya nyumba katika Afrika ya Mashariki. Mmoja wao, kijana wa Muleba mwenye akili nzuri na mwandiko safi, aliandika kwamba kabla ya kuja Wazungu wazee wetu wa Buhaya hawakuwa na usanifu wa majengo. Walikuwa na vibanda tu. Katika ukurasa uliofuata aliyasifu majumba ya Ufaransa ya karne ya 17 kwa maneno mazuri kabisa. Alitaja Versailles na Louvre, akataja ulinganifu na nguzo, akamaliza kwa kusema kuwa huo ndio usanifu hasa. Nilimpa alama alizostahili, maana tarehe zake zilikuwa sahihi. Lakini tangu siku ile sina raha. Kosa lile si lake. Alilipokea kwetu sisi tunaofundisha, na sisi tulilipokea kwa waliotufundisha, nasi tumelipitisha mkono kwa mkono kama sarafu mbovu ambayo hapana aliyethubutu kuijaribu kwa jino.

Nakusudia kuijaribu hapa. Wala sitafanya hivyo kwa kuwatukana Wafaransa, kama ilivyo desturi ya baadhi ya ndugu zetu wanaodhani kuwa kulitetea la kwetu ni kulichafua la mwenziwe. Usanifu wa kiklasiki wa Kifaransa ni kazi kubwa ya akili ya binadamu, na mimi naupenda. Nataka kuwaita Wafaransa wenyewe wawe mashahidi wangu. Nasema hivi: mtu aliyeisoma kweli historia ya usanifu huo hawezi kuudharau msonge; na mtu anayeudharau msonge kwa jina la Ufaransa hakuisoma historia hiyo, alitazama picha zake tu.

Anayetoka Bukoba mjini kwenda Muleba kwa njia ya Kemondo na Muhutwe ataona nyumba mpya zikichomoza katikati ya migomba, na kila mwaka zazidi. Ni nyumba za watoto wa kwetu waliofanikiwa Dar es Salaam, Mwanza na ng'ambo. Huzijenga katika kibanja cha babu zao ili wapate mahali pa kufikia wakati wa Krismasi, na pa kuwekwa siku yao ikifika. Sina neno na nia hiyo. Hata mimi ninayo. Lakini tazama baraza zake. Zimesimamishwa nguzo mbili, nne, pengine sita, za saruji iliyomiminwa katika kalibu, zenye michirizi ubavuni na majani yaliyokunjamana kichwani. Majani yale ni mfano wa akantho, mmea wa pwani za bahari ya Wayunani. Kwa bahati ndugu yake mwenye miiba aota sana katika nchi zetu za ziwa, na mbuzi wamjua vizuri kuliko mafundi wetu, ambao humchonga kutoka katika picha bila kumtazama akiwa hai kando ya njia. Siku moja nilimwuliza fundi aliyekuwa akizipaka nguzo hizo chokaa: "Nikiiondoa hii, nini kitaanguka?" Akanitazama kwa huruma. "Hakuna kitakachoanguka, Mwalimu. Anayebeba ni mkanda wa zege kule juu. Hizi ni za urembo."

Jibu la fundi yule lilikuwa kweli tupu, na kwa kweli hiyo alikuwa ameihukumu nyumba nzima bila kujua. Nitalirudia baadaye. Kwanza tuulize nguzo hizo, ambazo watu husema ni za Kifaransa au za Kirumi, Wafaransa walizipataje, na walifanya nini walipozipata.

Hawakuzivumbua. Walizipata Italia, na Waitalia walizifukua katika magofu ya Warumi, na Warumi walikuwa wamezichukua kwa Wayunani. Mwaka 1546 Pierre Lescot alipopewa na mfalme Francis wa Kwanza kazi ya kujenga upande mpya wa Louvre, Ufaransa ilikuwa mwanafunzi. Lakini tazama mwanafunzi huyo alivyokuwa na kiburi. Mwaka 1567 Philibert de l'Orme, fundi mkubwa kuliko wote wa zama zake, alitoa kitabu ambamo alidai kwamba ikiwa Wayunani na Warumi waliruhusiwa kubuni nguzo zao, hapana sheria inayomkataza Mfaransa kubuni ya kwake. Naye aliibuni. Kwa kuwa mawe ya kwao hayakupatikana kwa urahisi kwa urefu wa nguzo nzima, alizipanga nguzo kwa vipande, akazifunika pingili kwa mikanda ya nakshi, hata upungufu wa mawe ukageuka kuwa pambo. Hiyo aliiita nguzo ya Kifaransa. Nguzo hiyo ilitokana na ardhi yake na shida yake, wala si na kalibu ya kununua.

Karne moja baadaye ulitokea mkasa ambao ningependa kila mwanafunzi wa Kagera aujue kama ajuavyo jina la wilaya yake. Mwaka 1665 Louis wa Kumi na Nne alimwita Paris Gian Lorenzo Bernini, Mwitalia, mchongaji na mjenzi aliyekuwa akisifiwa katika Ulaya yote, amsanifie uso wa mashariki wa Louvre. Bernini alipokelewa kama mwana wa mfalme. Jiwe la msingi liliwekwa katika Oktoba mwaka ule ule. Kisha akarudi Roma, na Wafaransa wakaiweka michoro yake kando. Mwaka 1667 kazi ilikabidhiwa kamati ya watu watatu wa nyumbani: Louis Le Vau, Charles Le Brun, na Claude Perrault, ambaye kwa kazi yake ya asili alikuwa tabibu. Kutokana na kamati hiyo ndipo ikatoka safu ya nguzo mbilimbili ambayo mpaka leo hutajwa kuwa kilele cha usanifu wa kiklasiki wa Kifaransa. Walimkataa mgeni mashuhuri kuliko wote wakampa kazi daktari wao. Na nguzo zile zabeba kweli. Mawe yaliyo juu yake yalifungwa kwa vyuma vilivyofichwa ndani ili yasifumuke. Sasa nauliza: katika mkasa huu, sisi watu wa Bukoba tunamwiga nani, Perrault au yule mnunuzi aliyetaka kununua jina la Bernini?

Hawakuishia hapo. Mwaka 1671 Colbert, waziri wa mfalme, alianzisha Chuo cha Kifalme cha Usanifu chini ya François Blondel, na katika mwaka huo huo alitangaza mashindano ya kubuni nguzo mpya ya Kifaransa kwa ajili ya Louvre. Tunda la fikira hiyo laonekana Versailles, katika Ukumbi wa Vioo uliojengwa na Jules Hardouin-Mansart tangu 1678 hata 1684, wenye urefu wa mita 73 na vioo 357. Wageni huhesabu vioo. Mimi ningewashauri watazame vichwa vya nguzo, maana Le Brun aliweka huko jogoo na ua la yungiyungi, alama za Ufaransa, mahali ambapo Myunani angeweka majani yake. Ndani ya jumba lililo la kiklasiki kuliko yote, Mfaransa alimweka jogoo wake.

Katika chuo kile kulikuwa na ugomvi, na ugomvi huo watufaa sana. Blondel alifundisha kwamba vipimo vya nguzo, yaani unene wake kwa urefu wake, ni sheria za maumbile kama zilivyo sheria za sauti katika muziki. Perrault alimpinga katika kitabu alichotoa mwaka 1683. Alisema uzuri wa jengo ni wa namna mbili. Upo uzuri ambao kila mwenye macho ataukubali: ubora wa vifaa, ukubwa wa kazi, usafi wa mkono wa fundi, ulinganifu wa pande. Na upo uzuri wa mazoea tu, nao ndio wa vile vipimo. Twavipenda kwa sababu tumezoea kuviona katika majengo yenye sifa nyingine njema, kama vile watu wapendavyo mavazi na matamshi ya wakubwa wa baraza la mfalme, si kwa kuwa mavazi yale ni mazuri kwa asili, bali kwa kuwa wanaoyavaa wanaheshimiwa. Hayo aliyasema mtu ambaye nguzo za Louvre zahesabiwa kuwa ni mkono wake. Msomaji na aipime nyumba yenye nguzo sita ya Muhutwe au Kamachumu kwa maneno hayo. Nguzo zile zatupendeza kwa sababu waliozisimamisha wamefanikiwa.

Mazoea hayo ya macho yalitufikaje? Hayakuja moja kwa moja kutoka Versailles. Emin Pasha aliweka kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890, na matofali ya serikali yakaanza. Baadaye Wajerumani walimjengea Mukama Kahigi nyumba ya namna yao huko Kanazi, akawa mtawala wa kwetu akaaye ndani ya kuta zenye pembe. Lakini mwalimu mkubwa zaidi wa macho yetu alikuwa misheni. Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao tumezoea kuwaita Mapadre Weupe, lilianzishwa mwaka 1868 na Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, Mfaransa. Mwaka 1892, baada ya vita vya Buganda, Askofu Hirth, mzaliwa wa Alsace, alivuka na Wakatoliki wa Kiganda, na misheni ya Kashozi ikaanzishwa. Rubya ilifuata, na seminari yake, ambayo kutoka kwayo alitoka Laurean Rugambwa, Kardinali wa kwanza Mwafrika mwaka 1960. Makanisa ya mapadre hao hayakuwa ya kiklasiki kamili. Madirisha yao mengi yalikuwa na matao ya zama za kati, na lililopo lilijengwa kwa udongo na mikono iliyopatikana. Lakini walileta jambo moja ambalo Wafaransa walilipenda tangu zama za Le Nôtre, mtunza bustani wa mfalme: mstari mmoja wa katikati, njia nyofu yenye miti pande mbili, na mwishoni uso wa jengo ukikutazama kama hakimu. Mtoto wa Kihaya aliyetoka katika kibanja, ambamo njia hupinda kati ya migomba na nyumba huonekana ghafula ukiwa umekwisha kuifikia, alifundishwa na njia ile kwamba jengo la heshima ni lile lionekanalo kwa mbali. Sisemi kwamba alifundishwa vibaya. Nasema alifundishwa, wala hakuzaliwa na macho hayo.

Sasa tuje kwenye paa, maana hapo ndipo hasira yangu ilipo. Ufaransa ya kaskazini ni nchi ya mvua na theluji. Waitalia walipenda mapaa ya chini yanayojificha. François Mansart, aliyezaliwa 1598 na kufa 1666, aliweka juu ya kuta zake zenye nguzo za Kiyunani paa refu la mteremko mkali, la Kifaransa hasa, akalifanya sehemu ya uzuri wa nyumba badala ya kulionea haya. Hata leo paa la miteremko miwili laitwa kwa jina lake. Ni kweli kwamba safu ya Perrault ina paa lililofichwa nyuma ya ukingo, na Versailles upande wa bustani vilevile. Hata Wafaransa walikuwa na siku zao za kuiga. Lakini Bukoba hunyeshewa karibu milimita 2,000 kwa mwaka, mara tatu ya Paris na zaidi, na katika mji huo ndimo siku hizi mafundi wanaagizwa kuficha bati nyuma ya ukuta ili nyumba ionekane bapa kama sanduku. Maji hukusanyika nyuma ya ukuta huo, hutafuta njia, na huipata. Nimekaa katika sebule ya rafiki yangu mmoja, chini ya dari ya jasi yenye nakshi, tukihamisha viti kufuata matone. Bibi yangu hakuwahi kuhamisha kigoda chake kwa sababu ya mvua. Paa lake lilianza kileleni na kuishia ardhini.

Na hapo nimekwisha kufika kwenye msonge. Lakini naomba msomaji avumilie shahidi mmoja zaidi, aliye bora kuliko wote. Mwaka 1753 padre mmoja wa shirika la Wajesuti, Marc-Antoine Laugier, alitoa huko Paris kitabu kidogo kilichowaudhi mafundi wengi. Alichoka na mapambo. Alitaka kujua ni nini katika jengo kilicho cha lazima. Akamfikiria mtu wa kwanza, asiye na mwalimu, anayekimbia jua na mvua, asiyependa giza la pango. Mtu huyo asimamisha magogo manne, aweka mengine juu yake yakilala, ainua mengine yakiegemeana, aezeka kwa majani. Basi. Laugier akasema kibanda hicho ndicho kiolezo cha utukufu wote wa usanifu: gogo lililosimama ndilo nguzo, lililolala ndilo boriti, yaliyoegemeana ndiyo paa. Hizo tatu ni za asili. Kuta, milango na madirisha huja kwa haja tu. Vyote vingine ni matakwa ya mtu, na ndimo makosa yalimo. Katika chapa ya pili ya mwaka 1755 kiliwekwa mbele ya kitabu picha ya Charles Eisen: mwanamke, ambaye ndiye Usanifu mwenyewe, ameketi juu ya vipande vya nguzo zilizoanguka, akimwonyesha mtoto kibanda cha miti iliyo hai bado. Usanifu wa Kifaransa, katika kilele cha nguvu zake, umeketi juu ya nguzo zake na kunyoosha kidole kwenye kibanda.

Laugier hakuishia katika picha. Alizihesabu dhambi za nguzo: nguzo iliyozama nusu ukutani, nguzo bapa iliyobandikwa, nguzo iliyopandishwa juu ya kiweko bila sababu. Kwake nguzo isiyobeba ilikuwa uongo uliochongwa. Nalikumbuka hapa jibu la fundi yule wa chokaa. Lau Laugier angesimama naye barazani, wangeelewana mara moja.

Sasa uchukue msonge, ambao Kihaya chauita omushonge. Ni neno moja lenye mavazi mawili. Ndani zasimama nguzo za miti, na kila moja yabeba. Juu ya nguzo hizo fito zimezungushwa duara kwa duara, ndogo kileleni na kubwa kadiri zishukavyo, zikafungwa kwa kamba. Juu ya fito zimelazwa nyasi kutoka rweya, tabaka juu ya tabaka, kutoka kileleni hata chini. Ukuta wa nje haupo. Paa ndilo ukuta. Juu ya mlango nyasi zatokeza kama kope juu ya jicho, ili anayeingia asinyeshewe. Ndani kuta za matete zagawa mahali pa wageni, pa kulala, pa ng'ombe, pa vyakula. Moto ukiwaka katikati, moshi hupanda ndani ya nyasi, huzikausha na kuwafukuza wadudu, hata jiko likawa ndilo mlinzi wa paa. Sakafuni hutandikwa nyasi safi. Hakuna humo kitu cha matakwa. Ningeona taabu kutaja jengo moja la Paris linalotii sheria ya Laugier kwa ukamilifu huo. Hata lile kanisa la Mtakatifu Genoveva lililosanifiwa na Soufflot, ambalo Laugier mwenyewe alilisifu kuwa mfano wa kwanza wa usanifu mkamilifu, na ambalo leo ni Pantheoni, lilianza kupasuka nguzo zake kuu kwa uzito wa kuba kabla halijakwisha.

Najua nitajibiwa kuwa Laugier hakuwaza Buhaya. Ni kweli. Kibanda chake kilikuwa cha pembe nne, na moyoni mwake alikuwa akitafuta hekalu la Wayunani. Lau angeonyeshwa msonge huenda angecheka. Lakini mtu akitoa sheria haruhusiwi kuizuia isiwahukumu majirani zake. Na hapa pana jambo la lugha, ambalo kwa kazi yangu siwezi kulipita. Tunapotafsiri Laugier kwa Kiswahili, twaandika kwamba mama wa usanifu wa Ulaya ni kibanda, nasi twalitamka neno hilo kwa taadhima. Tukigeuka kuielezea nyumba ya nyanya zetu, twatumia neno lile lile, kibanda, na sauti yetu yashuka. Kibanda cha Mfaransa asiyepata kuishi, kilichomo katika fikira ya padre, kimezaa Louvre. Kibanda kilichowalea watu wa Kiziba, Kianja na Ihangiro kwa karne nyingi hakikuzaa kitu. Na kumbe Kiswahili chetu kina neno msonge, lenye heshima zake na limo katika kamusi! Mwanafunzi wangu hakulitumia hata mara moja.

Wala wasidhani kwamba msonge ulikuwa nyumba ya maskini tu. Katika karne ya 17, kwa makadirio ya wanahistoria, zama zile zile Louis alipokuwa akijenga, Mukama Rugomora Mahe alikuwa na makao yake Katuruka, karibu na Maruku. Kihaya huyaita makao ya mfalme kikale, na Mswahili asikiapo neno hilo hudhani ni habari za mambo ya kale tu. Karibu na hapo, chini ya mti wa Kaiija, simulizi zasema Rugomora aliwaamuru wahunzi wamjengee mnara wa chuma aipande mbingu aone kuna nini, nao ukaanguka. Wengi walicheka simulizi hiyo mpaka Profesa Peter Schmidt alipofukua mahali hapo katika miaka ya 1970, akakuta mabaki ya ufuaji wa chuma wa kale sana, uliotangulia zama za Rugomora kwa zaidi ya miaka elfu. (Wafaransa walijenga mnara wao wa chuma mwaka 1889, nao haujaanguka, hilo nawakubalia.)

Sitaki kuwapaka wazee wetu asali. Kikale kilijengwa kwa mikono ya raia ambao hawakuulizwa, kama Versailles ilivyojengwa. Huko, tangu 1685, askari walipelekwa Maintenon kujenga mfereji wa juu wa kuleta maji ya bustani, wakafa kwa homa ya vinamasi, na kazi ikaachwa mwaka 1688 bila tone moja kufika. Na ndani ya msonge moshi uliwaumiza watu macho, na ng'ombe si mwenzi wa chumba anayefaa kwa mtoto mchanga. Simwambii mtu arudi kulala humo. Wala nyasi hazitoshi. Sehemu kubwa ya rweya imepandwa miti. Anayedai kwamba nataka kuwarudisha watu nyuma atakuwa anajibu hoja ambayo sikuitoa.

Hoja nzito zaidi ni ile ya kudumu. Husemwa: jiwe hukaa, nyasi huoza, na kisichodumu si usanifu. Aprili 15, 2019 paa la mialoni la kanisa kuu la Notre-Dame huko Paris liliteketea kwa usiku mmoja. Desemba 2024 kanisa lilifunguliwa tena, na paa limesimama, mbao zake zimechongwa kwa mashoka kama za mwanzo, kwa sababu Ufaransa ilikuwa bado na maseremala wanaojua kazi hiyo. Jirani zetu Waganda walipatwa na msiba wa namna hiyo mapema zaidi. Nyumba ya makaburi ya wafalme huko Kasubi, msonge wenye kipenyo cha mita 31, ambamo duara 52 za paa zasimama badala ya koo 52 za Buganda, uliungua Machi 16, 2010. Nao umejengwa upya, maana ukoo wa Ngeye, ambao kuezeka ni haki na wajibu wao, haukuwa umesahau. Katika habari hizi mbili si jiwe lililodumu wala nyasi. Ni watu wenye kujua. Kisha nikumbushe tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la kipimo cha 5.9 lilipoipiga Kagera. Zaidi ya watu kumi walikufa, na maelfu ya nyumba za matofali yalipasuka au kuanguka. Shule za Ihungo na Nyakato ziliharibika hata zikafungwa. Nyumba ya miti na kamba hutikisika na kurudi. Sisemi ingewaokoa wote. Nasema kwamba baada ya siku ile chuo chenye akili kingekwenda kwa wazee kuuliza viungo vya fito vilifungwaje, na sikusikia kilichokwenda.

Basi nitakacho ni kidogo. Katika darasa la historia ya usanifu, msonge usomwe pamoja na Laugier, katika wiki moja, kwa heshima moja, na mwanafunzi aulizwe maswali yale yale juu ya vyote viwili: kipi kinabeba, kipi kinabebwa, kipi kipo kwa haja, kipi kwa matakwa. Na sisi watu wa Kiswahili tukusanye maneno. Kwa upande wa Ulaya tumekwisha kutunga majina ya kila pingili ya nguzo, tangu kitako hata taji. Kwa upande wa kwetu majina yapo tayari, hayahitaji kutungwa, ila yamo vinywani mwa watu wachache wenye umri mkubwa.

Yule kijana wa Muleba nilimwita ofisini. Hatukugombana. Nilimpa daftari na futi kamba, nikamwomba likizoni amtafute mtu yeyote katika Ihangiro aliyewahi kuezeka. Alimpata mzee mmoja, akakaa naye siku tatu, akarudi na majina 23 ya sehemu za nyumba, kuanzia kileleni mpaka kizingitini. Mawili kati ya hayo mzee aliyakumbuka kwa sauti tu. Maana yake ilikuwa imemtoka, na wenziwe wa kumuuliza walikuwa wamekwisha kufa. Daftari liko mezani kwangu, na anayetaka kulinakili na aje. Na anayeona kwamba nimekosea juu ya Perrault, au juu ya Laugier, au juu ya mvua ya Bukoba, na aniandikie katika kurasa hizi hizi.